Ufundi wa Motokaa

Maganzo ni mji mdogo katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Jirani yake ni Mwadui, ambako mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ilipochongwa ikabaki karati 23.6, nayo ikawa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Si ajabu, basi, kwamba kijana azaliwaye Maganzo hukua huku macho yake yako mchangani. Masimulizi ya mtu aliyelala maskini akaamka tajiri ni mengi, na husikilizwa kwa hamu. Masimulizi ya wale waliochekecha mchanga miaka mingi wakatoka mikono mitupu ni mengi zaidi, lakini hayana wasimuliaji.

Kando ya barabara hiyo hiyo iko kazi nyingine. Chini ya mti au paa la mabati gari limeinuliwa kwa jeki, na miguu ya mtu imechomoza chini yake. Kijana aliye kando yake, ambaye mafundi humwita spana boi, amesimama tayari kupokea na kutoa vyombo. Kazi hii haina masimulizi ya usiku mmoja. Jiwe la thamani laweza kuokotwa na mjinga na mwerevu sawasawa, lakini hakuna mtu aliyepata kuokota ujuzi. Kwa hiyo kijana anayesimama kati ya shimo na gereji huchagua, pengine bila ya kujua, kati ya kungoja bahati na kuijenga. Apaswa kuelezwa kwa ukweli kazi hii yataka nini kwake.

Sifa ya kwanza ya fundi ni kufikiri kabla ya kufungua. Mtu asiyejua hukimbilia spana. Ajuaye huanza kwa kuuliza na kusikiliza. Humwuliza dereva ubaya ulianza lini, gari likiwa la moto au la baridi, likipanda mlima au likiwa limesimama. Husikiliza mlio, hunusa moshi, hutazama rangi ya oili. Injini ya petroli hudai mambo matatu: hewa na mafuta kwa kipimo, kushindiliwa barabara ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Isipowaka, moja katika hayo limekosekana, na kazi ya fundi ni kuuliza moja moja mpaka ajibiwe. Injini aliyoibuni Rudolf Diesel, iliyofaulu majaribio yake mwaka 1897, haitumii cheche: hewa yake hushindiliwa mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta. Anayetafuta cheche katika lori la dizeli amekwisha kujitangaza kuwa hajui, japo mikono yake imejaa grisi.

Sifa ya pili ni usafi pamoja na subira. Watu wengi hudhani kwamba uchafu ni alama ya ufundi, kumbe ni adui yake. Nchi ya Shinyanga ina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na vumbi likiingia katika injini iliyofunguliwa husaga kuta za silinda kama msasa usagavyo mbao. Pampu na injekta za dizeli zina nafasi nyembamba kuliko unywele, hata chembe isiyoonekana kwa macho huziharibu. Fundi mwema hufunika alichofungua, hupanga nati kwa utaratibu alioziondolea, na hukaza kila moja kwa nguvu yake iliyowekwa. Haraka haraka haina baraka, na pengine baraka hiyo hukosekana baada ya kilometa mia, mahali pasipo na nyumba wala maji.

Sifa ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni uaminifu. Almasi ikiuzwa hutazamwa na macho mengi: muuzaji huigeuza, mnunuzi huipima, mthamini huikagua juani. Kazi ya fundi hufungwa ndani ya chuma, na mwenye gari huondoka bila ya kuiona. Hajui kama kipuri alicholipia kimewekwa, au kama kile cha zamani kimepakwa mafuta kikarudishwa. Mafuta ya breki, kwa mfano, hunywa unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka. Lori litokalo Dar es Salaam kwenda Kanda ya Ziwa huteremka mlima wa Sekenke, na kwa joto la mteremko unyevu ule waweza kugeuka mvuke. Dereva hukanyaga breki, mguu ukazama bure. Mafuta mapya ni bei ndogo, wala hakuna atakayejua kwamba hayakubadilishwa, mpaka siku ambayo kujua hakufai tena. Hivyo fundi huwekewa amana ya roho za watu asiowajua, naye hana msimamizi ila dhamiri yake.

Sifa hizi haziji zenyewe, hufunzwa. Shule ya kwanza ni gereji. Huko mwanafunzi hupata yale ambayo kitabu hakiwezi kumpa: uzito wa mkono, sikio la kutambua beringi iliyokwisha, ustahimilivu wa jua na wa lawama. Lakini gereji hufundisha mazoea mema na mabaya pamoja. Mfano mmoja watosha. Gari likichemsha, mafundi wengi hung'oa thamostati na kuitupa, wakisema kwamba nchi hii ni ya joto, haiihitaji. Kumbe kifaa kile huifanya injini ifikie joto lake kwa upesi na kudumu nalo. Kisipokuwapo, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta mengi, na huchakaa mapema, na sababu ya kuchemsha imebaki palepale. Mwanafunzi aliyemwona mwalimu wake akifanya hivyo atafanya hivyo, na mwanafunzi wake pia.

Ndiyo sababu ya shule ya pili, yaani chuo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina chuo Shinyanga. Chuoni mwanafunzi hufundishwa kwa nini baada ya kwisha kuona kwa vipi, naye hupanda ngazi kwa ngazi akipata cheti. Hata aliyejifunzia gerejini miaka mingi aweza kupimwa ujuzi wake akatambuliwa. Haja hii yazidi kukua, kwa sababu magari ya siku hizi huongozwa na kompyuta. Chombo cha kupimia hutoa namba ya kosa, lakini namba hiyo husema mahali penye malalamiko tu, haisemi mkosaji. Asiyejua kanuni za umeme hubadilisha kipuri baada ya kipuri kwa fedha ya mwingine. Mlango huu hauchagui mwana wa kiume wala wa kike, maana kusikiliza, kupima na kusema kweli si kazi ya misuli.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na kazi za mikono. Onyo hilo lina upande wa pili: mikono inayotengwa na elimu nayo hupata hasara. Gereji bila ya chuo hurithisha makosa. Chuo bila ya gereji hutoa vyeti visivyoweza kufungua nati iliyoshika kutu.

Kijana wa Maganzo hawezi kuahidiwa utajiri kwa kushika spana. Miaka yake ya kwanza itakuwa ya ujira mdogo na nguo nyeusi. Lakini mchanga huisha almasi, na jiwe likiuzwa limekwenda. Ujuzi hutumika kila siku, na kila siku huongezeka. Siku moja dereva asiyemjua jina atateremka Sekenke na abiria waliolala usingizi, akanyage breki, na gari litii. Hakuna atakayemshukuru, kwa kuwa hakuna litakalokuwa limetokea. Huo ndio ujira wa fundi usioandikwa katika hesabu, na anayeuridhia huo ndiye aliyefaa kazi hii.