Barua ya Jumatatu

Kila Jumatatu alfajiri natuma barua pepe: bei za sokoni Tabora, vyumba vya kupanga, kazi za vibarua. Wasomaji 38 hulipa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kodi yangu haifiki. Juzi mnunuzi wa asali aliniahidi 100,000 kila mwezi, mradi bei ya asali nisiitaje.

Nikakumbuka Kwihara, hapo jirani. Mwaka 1871 Stanley alikuta barua za Livingstone, zilizofungwa Zanzibar mwaka 1870, zimelala tu. Mwenyewe alikuwa mbali magharibi.

Jumatatu nikaandika bei kama kawaida. Kisha nikampigia baba, mrina asali wa Sikonge asiye na barua pepe, nikamsomea.

Akanyamaza. “Kumbe ndoo ni hiyo?”

Alikuwa akiuza kwa nusu.