Mizani ya Paje

Kabla ya mwani, mwanangu, pwani yetu ilinuka makumbi. Kina mama waliyafukia kwenye tope la ufukweni, wakayapanga mawe juu yasichukuliwe na maji, na baada ya miezi wakayafukua yakiwa meusi, yana uvundo ulioganda kwenye kanga hata ukiifua mara tatu. Waliyaponda hadi zibaki nyuzi, na jioni wakaketi barazani kusokota kamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya mwanamke wa Paje na Jambiani, hapa Zanzibar: kamba ya usumba, chaza wa kuokota, na pweza mmojammoja akijaaliwa. Mwani tuliujua, lakini tuliujua kama taka za bahari, unaotupwa na mawimbi ukaoza juani. Walikuwepo wazee walioukusanya wakauuza, ila hakuna aliyefikiria kwamba unaweza kupandwa kama muhogo.

Aliyefikiria alikuwa msomi wa bara, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akizunguka pwani akiuchunguza mwani na kusema unalimika. Biashara yenyewe ilitufikia mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Ulikuwa wakati wa Rais Mwinyi, tuliyemwita Mzee Rukhsa, milango imefunguliwa, maduka yaliyokuwa matupu yameanza kujaa vitambaa na redio za kaseti, lakini mfukoni hamna kitu kwa sababu karafuu ilikuwa imekwisha kuanguka bei. Mimi nilikuwa na miaka 23, sina kazi, ila hesabu naijua na mwandiko wangu unasomeka. Wanunuzi wakanipa daftari, kalamu ya wino wa buluu na mizani ya kuning'iniza. Nikawa karani wa mwani.

Kilimo chenyewe kinafuata mwezi, si kalenda ya ukutani. Bamvua likifika, maji yakapwa mbali mpaka ukadhani bahari imehama, ndipo wanawake wanapoteremka wakiwa na vigingi, kamba na mafungu ya taitai, zile nyuzi fupi za kufungia mbegu. Kigingi huku, kigingi kule, kamba katikati, na vipando vimefungwa kimojakimoja kama nguo za kitoto. Wanainama kwa saa nyingi, maji ya magotini, jua la utosini, wakichunga wasikanyage taa aliyejifukia mchangani. Tafi nao hawana haya, wanaukata mwani kama mbuzi walioingia shambani. Baada ya wiki kadhaa wanavuna, wanabeba kichwani mzigo unaochuruzika chumvi machoni, kisha wanaanika. Hapo ndipo moyo unapovunjika, maana gunia zima la mwani mbichi likikauka hubaki kitu cha kubeba kwa mkono mmoja. Harufu yake si mbaya kama ya makumbi. Ni ya chumvi na chuma. Hata leo nikiisikia, kidole changu kinatafuta kalamu.

Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Uso wake ulikuwa mwembamba, jicho moja dogo kuliko jenzake, na alikuwa na mazoea ya kuhesabu kwa kugusisha kila kidole na gumba. Mumewe alikataa: mke wa mtu hashindi baharini kutwa. Alikwenda. Kilo ya mwani mkavu wakati huo haikufika hata shilingi mia, na ilikubidi uanike kilo kadhaa ndipo upate kilo moja ya sukari. Hata hivyo, siku ya malipo ya kwanza alifunga noti kwenye pindo la kanga, akaenda dukani, na sisi tukangoja tuone atanunua nini. Alinunua kufuli. Alilitia kwenye kasha lake na ufunguo akauning'iniza shingoni kwa uzi wa taitai. Sare za shule zilikuja baadaye, na mabati baadaye zaidi. Mumewe alinyamaza siku mvua ilipopiga juu ya bati na ndani hapakuvuja.

Usidhani nakusimulia hadithi ya neema tupu. Niliambiwa nikate uzito kwa ajili ya mchanga na unyevu, na kipimo cha kukata kilikuwa jicho langu. Siku moja ya kusi, mawingu yametanda, nilimkatia mama mdogo kilo mbili kwa mazoea tu. Hakunigombeza. Alifungua gunia, akatoa konzi ya mwani, akauvunja ukalia kama kuni kavu, akanitilia kiganjani. "Haya ni maji, mwanangu?" Nilikuwa nimekwisha kuandika. Sikuzirudisha kilo mbili zile, na hajapata kuzitaja tena, jambo ambalo ni zito kuliko kama angezitaja.

Bei yenyewe hakuna aliyejua inatoka wapi. Tuliambiwa mwani unakwenda Ulaya na kwingineko, unakamuliwa karajinani, kile kitu kinachoshikanisha dawa ya meno na aiskrimu. Aina mbili tulizilima: spinosamu, yenye miiba miiba na stahamala, na kotonii, nene na laini, iliyolipwa karibu mara mbili. Ilipoingia miaka ya 2000, kotonii ikaanza kufa. Inageuka nyeupe kama mfupa, inakatika, na kesho yake kamba i tupu. Maji yalikuwa yamepata joto. Wapandaji waliyajua hayo kwa miguu yao kabla wataalamu hawajashusha vipimo. Kina kirefu kingeisaidia, lakini huko kunataka mashua na kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakufundishwa kuogelea. Wakabaki na spinosamu, yenye bei ya chini, huku mahoteli yakisogea na wageni wakiuliza vijiti vile vya nini. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari akawahimiza wasiuze mwani mtupu, wausage, watie kwenye sabuni. Kipande kimoja cha sabuni kikawa na thamani ya kilo kadhaa za mwani mkavu. Mama mdogo alikipindua mkononi, akagusisha vidole vyake, akacheka peke yake.

Leo mwana wa Mzee Rukhsa ndiye Rais wa Zanzibar, na neno la siku ni uchumi wa buluu. Ni neno zuri, na mashua zimegawiwa. Wewe umesoma, huenda ukaitwa kwenye mikutano ya uchumi huo, ile yenye maji ya chupa. Ukienda, usikae mbele. Kaa nyuma walikokaa wanawake wenye viganja vilivyochunika, na kabla hujapiga makofi, uliza kilo ni shilingi ngapi na nani ameshika mizani.