Liemba iwe hoteli?

Wadau, kila Liemba inapotajwa hakosi mtu wa kusema: imezeeka, ifungwe gatini Kigoma, iwe hoteli ya bei poa kwa vijana wa begi mgongoni. Wazo tamu. Mimi silitaki.

Nililala humo enzi ikienda Mpulungu, Zambia. Chumba cha daraja la kwanza, vitanda viwili vya kupandana, injini ikinguruma usiku kucha. Usingizi wenyewe wa kuazima, maana vijiji vingi vya Ziwa Tanganyika havina gati. Usiku wa manane honi inalia, meli inasimama mbali na ufuko, mitumbwi inaizingira. Kina mama wanapanda na watoto mgongoni, magunia ya dagaa yanafuata. Ndipo nikaelewa: hii si gesti, ni basi la watu.

Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Hoteli gani ingefanya hivyo?

Vitanda vya bei nafuu Kigoma na Ujiji vipo, tena havitikisiki. Lakini mama wa Kirando mwenye mzigo wa kuuza anahitaji meli inayotembea. Tukiifunga gatini, sisi wenye kamera tutapata picha nzuri, yeye atabaki na mtumbwi.

Haya, wenzangu mnasemaje?