TAA YA PIKIPIKI NA MTAHINIWA

Ndugu mtahiniwa, mtihani wako wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, na kwetu Mtwara mwezi huo uko ndani ya msimu wa korosho. Malori yenye magunia kutoka Newala, Tandahimba na Masasi huteremka kuelekea maghala na bandari, mengine usiku. Jua nalo huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Bodaboda anayekurudisha nyumbani baada ya masomo ya jioni hupishana na malori hayo gizani, akitegemea taa moja tu ya mbele. Nataka tuizungumzie taa hiyo. Uhai wako unaitegemea, na fizikia na hisabati unazozirudia sasa ndizo zinazoieleza.

Mimi hupanda pikipiki kati ya Mikindani na Mtwara mjini, mwendo wa takriban kilometa 10, mara nyingi usiku. Vijiweni husikia lalamiko moja: "Taa yangu haifiki mbali." Jibu nalo ni moja: "Weka balbu kali." Mimi naamini kwamba taa nyingi zina mwanga wa kutosha, ila sehemu ya mwanga huo hupotea kabla ya kutoka, na sehemu nyingine huelekezwa pasipohitajika. Nifuate hatua kwa hatua, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza, tuangalie umeme. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia balbu ya volti 12 na wati 35. Unakumbuka kwamba nguvu ni volti mara mkondo. Basi 35 gawanya kwa 12 ni karibu ampea 2.9. Ukiweka balbu ya wati 60, mkondo unakuwa ampea 5. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo waya uleule sasa unapata joto karibu mara tatu. Nyaya na soketi za pikipiki hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Soketi huungua, plastiki ya taa hulainika, na betri huishiwa kwa kuwa koili ya injini haiwezi kuijaza kwa kasi inayotakiwa. Siku moja taa inazimika ghafla katikati ya kona. Aliyetaka kuona zaidi haoni kitu.

Pili, tuangalie mwanga unaopotea. Sisi tunaishi kando ya bahari, na upepo wa bahari una chumvi. Chumvi hiyo huingia kwenye viungo vya nyaya na kuleta kutu ya kijani. Kutu huongeza ukinzani, na ukinzani hupunguza volti inayofika kwenye balbu. Mwanga wa balbu ya waya hushuka haraka kuliko volti: zikifika volti 11 badala ya 12, unabaki na karibu robo tatu tu ya mwanga. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mwombe fundi apime volti kwenye soketi taa ikiwa inawaka, asugue viungo, na akaze waya unaoshikwa kwenye bodi. Kioo cha mbele kisafishwe, na lile bakuli la kung'aa lililo nyuma ya balbu likaguliwe. Likiwa limefubaa, hakuna balbu itakayolisaidia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni kiungo chenye kutu, na dawa yake ni kipande cha msasa.

Tatu, kuna balbu za LED. Hizi hutumia umeme kidogo na hutoa mwanga mweupe, na ndiyo maana vijana wengi wanazipenda. Lakini kumbuka somo la vioo vilivyopinda. Bakuli la taa limechongwa ili waya unaowaka ukae mahali maalumu karibu na fokasi, ndipo miale itoke kwa mpangilio. Chipu za LED zisipokaa mahali palepale pa ule waya, miale hutawanyika kila upande. Mpandaji huona weupe mbele ya gurudumu na kudhani amepata taa bora, kumbe umbali umepungua na macho ya wenzake yanaumia. Anayetaka LED achague taa nzima iliyotengenezwa kwa LED, yenye bakuli lake, na ahakikishe inaendana na mfumo wa umeme wa pikipiki yake.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, ni kuielekeza taa. Kazi hii haina gharama. Simamisha pikipiki mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi na mpandaji akiwa ameketi. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, tuseme sentimita 90, kisha weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho. Washa dimu. Legeza bolti zinazoshika taa na uisogeze mpaka ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama. Sasa tumia pembetatu zinazofanana: mwanga unashuka sentimita 10 kila mita 10, basi utashuka sentimita 90 katika mita 90. Huko ndiko unakogusa barabara.

Lakini je, akikaa abiria? Au likifungwa gunia nyuma? Tuseme nyuma inashuka sentimita 3, na kati ya magurudumu mawili kuna sentimita 125. Pikipiki imeinama kwa 3 kwa 125, na katika mita 10 mwanga unapanda sentimita 24. Ule uliokuwa sentimita 10 chini ya alama sasa uko sentimita 14 juu yake. Ukifika mita 40, uko karibu mita moja na nusu kutoka ardhini, usawa wa macho ya mwendesha baiskeli. Ukingo huo haushuki tena barabarani, unawapofusha watu. Anayebeba abiria kila siku airekebishe taa abiria akiwa ameketi, na akaze springi za shokapu za nyuma inavyofaa.

Kumpofusha mwenzako ni jambo zito. Katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, chombo hupita karibu mita 17 kila sekunde, na jicho lililopigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudi katika hali yake. Dereva wa lori la korosho asiyeona kwa sekunde 3 amekwenda mita 50 kipofu, naye anakuja upande wako.

Nimewahi kumkuta muuza samaki akisukuma baiskeli isiyo na taa, ndoo ikiwa nyuma. Nilimwona mapema kwa sababu dimu yangu ilikuwa chini barabarani, ikimulika miguu yake na gurudumu lake. Tulisalimiana, kila mmoja akaenda zake. Hiyo ndiyo kazi ya taa: watu wapishane salama, kisha wasahau kwamba walipishana.

Hata hivyo taa nzuri haiondoi wajibu wa mwendo. Kwa kilometa 60 kwa saa, kufikiri na kufunga breki huchukua zaidi ya mita 45. Kwa kilometa 40, zinatosha mita 30 kwenye lami kavu. Usiende kasi kuliko unavyoona.

Basi, mtahiniwa, ukipanda pikipiki jioni hii, mwambie kwa heshima: "Kaka, taa yako inatazama juu, tuishushe kidogo." Akikuuliza umejuaje, mwonyeshe pembetatu yako. Masomo haya hayaishii kwenye karatasi ya mtihani. Nawe tunataka ufike kwenye chumba cha mtihani mzima.

ZOEZI
1. Eleza kwa nini balbu ya wati 60 inaweza kuharibu soketi ya pikipiki.
2. Taa ina kimo cha sentimita 80, na mwanga wake umeshuka sentimita 20 kwenye ukuta ulio mita 10 mbele. Utagusa barabara umbali gani?
3. Andika ufupisho wa aya ya nane kwa maneno yasiyozidi 30.