Mauritius, Kisiwa cha Miwa

Kisiwa cha Mauritius kimo katika Bahari ya Hindi, yapata maili 500 mashariki ya Madagascar. Ukubwa wake ni kama maili za mraba 720 tu, nao wakazi wake wamepita milioni moja. Kilitokana na milima ya moto iliyozimika zamani. Pwani yake imezungukwa na miamba ya matumbawe, na katikati ni nyanda za juu zenye mvua nyingi. Mji mkuu ni Port Louis.

Hapo kale hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walifanya makao huko mwaka 1638, wakakiacha mwaka 1710. Wafaransa walikitwaa mwaka 1715, wakaleta watumwa kutoka Madagascar, Msumbiji na pwani yetu, hata Kilwa. Waingereza walikiteka mwaka 1810. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, wenye mashamba walileta vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi. Walifika karibu nusu milioni, na wazao wao ndio wengi leo. Lakini lugha ya nyumbani kwa watu wengi ni Krioli, iliyotokana na Kifaransa na kukuzwa na watumwa.

Kazi yao wote ilikuwa mua. Udongo ulijaa mawe, nao wakayaokota kwa mikono na kuyarundika. Marundo hayo yangali yakionekana mashambani. Mua ulifaa kwa kuwa upepo mkali ukivuma huinama, na shina lililokatwa huchipuka tena. Hata hivyo, tufani mbili za mwaka 1960 zilibomoa nyumba nyingi na kuharibu sehemu kubwa ya mavuno. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Machi, 1968, karibu bidhaa zote zilizouzwa ng'ambo zilikuwa sukari.

Serikali iliitambua hatari hiyo. Sheria ya mwaka 1970 iliwapunguzia kodi wenye viwanda vya kuuza bidhaa nje, na wanawake wengi wakapata kazi ya kushona nguo. Kisha wakaja watalii, na baadaye kazi za benki. Hivyo mapatano yaliyoipa sukari bei ya uhakika huko Ulaya yalipokwisha mwaka 2009, wakulima waliumia, lakini nchi haikuanguka. Miwa ingali ikilimwa, na makapi yake huchomwa kutoa umeme. Zao la zamani halikutupwa, ila halibebi tena mzigo wa nchi peke yake.