Mbwa naye anapigwa picha?

Leo ukirudi maskani hebu mwombe mama ile albamu ya zamani. Fungua taratibu. Utamwona shangazi siku ya harusi yake. Utamwona baba kapiga suti, nyuma yake pazia la studio limechorwa maua. Utajiona na wewe siku ya Idi au ya kipaimara, viatu vinang'aa, uso umenuna. Haya, sasa mtafute yule paka aliyekuwa analala jikoni. Mtafute mbwa aliyekuwa anakusindikiza shule. Utafute mwembe wa uani. Thubutu! Ukibahatika utaona mkia umeingia pembeni.

Wazee wetu hawana lawama. Enzi za mkanda wa picha 36, kila ukibonyeza ni hela. Ununue mkanda, ulipie kusafisha, halafu usubiri. Nani angepoteza picha kwa mbwa? Lakini siku hizi simu inabeba maelfu ya picha, na bado tunajipiga sisi wenyewe tu, midomo tumeibinua.

Mimi kazi inayonipa ugali ni nyingine kabisa. Picha napiga kwa mapenzi tu, na kikamera changu cha mtumba. Nazunguka nacho hapa mtaani kwetu Tabata: mbuzi juu ya tofali, kuku na vifaranga, paka dirishani. Jumamosi nyingine napanda daladala mpaka soko la samaki Feri. Pale paka wanajua saa ya mitumbwi kuingia kuliko wachuuzi, na juu wapo kunguru wenye shingo za kijivu, ambao babu zao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wale takataka. Sasa jiji zima lao! Kivuko na Ikulu siko nako, lenzi yangu ni ya paka.

Kijiweni washikaji wananicheka. "Oya, leo mbuzi kakulipa shilingi ngapi?" Nacheka nao, maisha yanasonga.

Ukitaka kujaribu, siri zenyewe si nyingi. Kwanza, mwanga. Jua la saa sita mchana hapa Dar linapiga utosini, na macho ya mnyama yanageuka mashimo. Toka kabla ya saa mbili asubuhi, au ngoja saa kumi na moja jioni. Ila usizubae, maana huku kwetu jirani na Ikweta jua likianza kuzama halina subira.

Pili, shuka chini. Ukimpiga paka umesimama utapata mgongo na masikio. Lala kifudifudi, lenzi iwe sawa na macho yake, shati utafua. Flashi usiwashe. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, atatoka ana taa za lori.

Tatu, mbwa mweusi. Kamera ikiona weusi mwingi inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na mbwa anatoka kama kapakwa majivu. Mpunguzie. Kwenye simu nyingi unagusa uso wa mbwa, halafu unashusha kile kijialama cha jua kidogo.

Mwalimu wangu wa mbwa weusi alikuwa Popi, mbwa wa mzee jirani yetu. Mzee mwenyewe mkali, haachi kitu. Kila akinikuta nimelala chini getini kwake ananiambia, "Kijana, huyu ni mlinzi, si mtoto wa mtu. Unampiga picha za nini?"

Popi alikufa kwa uzee mwaka 2022. Jioni moja, wiki kama mbili baadaye, nasikia hodi. Ni mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zile picha zako za upuuzi... ya Popi unayo?"

Nilikuwa nazo kumi na moja. Nikamwonyesha moja moja, naye anapita haraka haraka, mpaka kwenye moja ambayo mimi niliiona ya kawaida sana. Popi anakula mbele ya banda. Pembeni umeingia mkono wa mama, mkewe, umeshika sufuria la makombo, na pindo la kanga. Mama alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla ya Popi.

Mzee akaikalia kimya ile picha. Mwisho akasema, "Hapa alikuwa anamgombeza. Kila siku alikuwa anamgombeza." Akaniomba nimchapishie hiyo. Picha za mama anazo, za harusi na za sherehe, amekaa wima kama anasubiri hotuba. Ya mama anamlisha mbwa hakuwa nayo hata moja.

Tangu siku hiyo, kijiweni wakinicheka hainigusi. Sherehe zina wapiga picha wao, wanalipwa. Jumanne ya kawaida haina mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama una mbwa, paka, kuku, au hata mwembe ambao mwenye nyumba ameshaanza kuutolea macho, leo saa kumi na moja na nusu toka nje upige. Na mtu akiingia pembeni na sufuria lake, mwache aingie. Halafu moja uichapishe kwenye karatasi, maana simu za Dar, unajua mwenyewe, zina mabawa.