Mtoto wa Dar chini ya miguu ya Berlin

Ukipita Brunnenstraße namba 193, hapa Berlin, tazama chini. Kwenye njia ya miguu kuna kibati cha shaba ya manjano, sentimita 10 kwa 10, kimeandikwa jina la mtoto wa Dar es Salaam: Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huku kama Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, akahamia Berlin 1929. Alidai mishahara ya Vita Kuu ya Kwanza, yake na ya baba yake, akanyimwa. Akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akafia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen 1944.

Kibati hicho kimefunika jiwe dogo, mojawapo ya mawe ya kuwakumbuka wahanga wa Wanazi. Mawe hayo yaliasisiwa na msanii Gunter Demnig miaka ya 1990, na sasa Ulaya nzima yamepita 100,000. Hayasubiri amri ya serikali. Jirani au wanafunzi hupekua nyaraka, hutafuta ndugu wa marehemu na kuchanga fedha. Jiwe huwekwa pale marehemu alipokuwa akiishi. Kila Novemba 9, siku ya kukumbuka mashambulizi ya Wanazi dhidi ya Wayahudi, watu hupiga magoti kuyasugua yang'ae. Wapo wasioyataka: jiji la München liliyakataa kwenye njia zake, maana baadhi ya Wayahudi walisema majina ya wafu wao hayafai kukanyagwa.

Nyumbani Dar tuna Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha jijini sanamu ya gavana wao wa zamani, Wissmann. Waingereza wakaing'oa, na mwaka 1927 wakaweka askari wao wa shaba. Mkoloni kampisha mkoloni, mwenyeji hakuulizwa. Maandishi ya sanamu hiyo ya Askari yanawasifu askari na wapagazi kwa jumla, bila kumtaja hata mmoja.

Tuige Berlin? Kwa shaba, hapana: wauza vyuma chakavu wangeing'oa kabla ya Ijumaa, na njia za miguu zimejaa bidhaa za machinga. Lakini kutaja wafu wetu kwa majina si jambo geni; kwenye khitma tunawataja kila mara. Basi kibao kiwe cha saruji, kikae ukutani juu ya baraza, Kariakoo na Ilala, kwenye nyumba ambazo wajukuu bado wanajua babu yupi alibeba mizigo ya vita na hakulipwa. Hapo hakuna haja ya kusubiri wizara. Waulizeni wazee majina wangali hai, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba, mwiteni fundi.